Limerudi Wapi?

Siku mliyoniaga ofisini mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru, ni nzuri. Ila niliicheka njia nzima mpaka nyumbani Igoma, maana mtu aliyeishi miaka thelathini na kitu akiikimbilia saa tatu asubuhi, kumpa saa ni kumrudisha kazini. Nimeitundika sebuleni. Ikifika saa tatu bado nanyanyuka kwenye kiti, halafu nakumbuka sina pa kwenda, nakaa tena.

Mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla ya hii mitambo yenu inayotuma namba yenyewe kwa simu. Vyeo nitaviruka kwa kuwa havikuwa vingi, na mshahara mnaujua kwa kuwa ni huohuo wenu. Nitaandika habari ya rula ya maji, ya wazee wawili walionifundisha kuisoma, na ya neno moja nililolisikia vibaya. Hilo neno ndilo lililonikalisha mezani. Kwenye taarifa ya ofisi nililifunika kwa maneno matatu, na jalada lile liko kabatini mpaka leo, kabati la pili kutoka mlangoni. Mkimaliza kusoma haya, lifungueni.

Nimezaliwa Usagara, kwa watu wa ng'ombe. Ziwa nililiona mara ya kwanza nikipelekwa mjini, nikadhani ni mbuga imefurika. Kwetu maji ni ya kisima na lambo, unajua yanapoishia. Jioni baba alikuwa akikaa karibu na moto, anauliza swali moja tu: "Wamerudi?" Na sisi watoto tunajibu, "Wamerudi, baba," maana yake ng'ombe wote wako zizini. Nalitaja hili mapema kwa sababu mbele nitalihitaji.

Siku ya kwanza kazini nilipelekwa kwenye rula ya mjini na Mzee Ishengoma, fundi wa zamani, Mhaya aliyevaa tai hata ndani ya boti. Kwa asiyeijua, rula ya maji ni vibao vya chuma vyeupe vyenye mistari myeusi, kila kimoja mita moja, vimefungwa kwa boliti kwenye nguzo iliyosimikwa ziwani. Unatazama maji yamegusa mstari gani, unaandika, basi. Nilisimama wima, nikaangalia chini, nikataja namba. Mzee Ishengoma alikunja suruali yake mara mbili, akachuchumaa, akashusha kichwa mpaka shavu likakaribia maji.

"Maji hayasomwi kwa kusimama, binti," alisema. "Ukiyatazama kutoka juu yanakudanganya. Na wewe umesimama kama hakimu."

Nikachuchumaa, nikateleza, nikaingia ziwani na viatu vyangu vipya. Sikujua kuogelea, na sijui mpaka leo. Wapakuaji mizigo walinitoa wakicheka, wakasema Msukuma wa nchi kavu amekuja kubatizwa. Niliwachukia wiki nzima, halafu nikawazoea, halafu wakawa ndio wananiambia mtu akiifunga boti yake kwenye rula yangu.

Mzee Ishengoma alikuwa na sheria zake. Mawimbi hayakomi, kwa hiyo unangoja wimbi lipande, unasoma, lishuke, unasoma, unachukua katikati. Na iliyo kubwa kuliko zote: namba kwanza, maneno baadaye. Mtu akikwambia maji yamejaa sana, muulize sentimita ngapi. Akikwambia yamepungua kidogo, muulize sentimita ngapi. "Sana na kidogo haviingii kwenye daftari," alikuwa akisema. Alistaafu, akafariki, tukamzika kwao Bukoba na tai yake shingoni. Kama ningeishika sheria yake siku moja tu ya Ijumaa, nisingekuwa na cha kuandika hapa.

Vituo vya mbali havikuwa na mfanyakazi wa ofisi. Kila kijiji chenye rula kilikuwa na msomaji wake, mwenyeji anayekaa karibu na maji, anayesoma asubuhi na alasiri, anaandika kwenye kijitabu na kukituma mwisho wa mwezi. Kituo changu kigumu kilikuwa nusu siku kwa boti kutoka mjini. Jina la kijiji naliacha. Msomaji wake alikuwa Mzee Bwire, Mjita, fundi wa mitumbwi, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Utani wetu ulianza siku ya kwanza na haukubadilika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mchunga ng'ombe. Umewaacha na nani leo?"

"Nimewaacha na shemeji yako fisi."

Hapo ndipo anacheka, ndipo mkewe anatoa kiti. Mkewe tulimwita Mama Mafuru, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama wao walivyoniita mimi Mama Limi. Alikuwa mfupi, mnene, anasema kwa wawili, kwake na kwa mumewe. Alianika dagaa ufukweni na aliwafukuza kunguru kwa matusi ya Kijita ambayo hakuna aliyekubali kunitafsiria.

Kijitabu cha Bwire kilikuwa na namba safi kuliko za ofisini. Tatizo lilikuwa safu ya mwisho, ile ya maelezo, ambapo msomaji anatakiwa kuandika mvua au upepo. Yeye aliandika, "Ziwa limeamka vibaya." Siku nyingine, "Ziwa limelala." Mimi nikifika ofisini nayakata kwa kalamu nyekundu.

"Mzee, ziwa si mtu," nilimwambia mara moja.

"Na wewe umelijua tangu lini?" alinijibu.

Ikaja miaka ile ya ukame ambayo wakubwa wenu wanaikumbuka. Ziwa lilikimbia. Asubuhi moja unakuta rula imesimama kwenye mchanga, na mbuzi anajikuna mgongo kwenye sentimita sitini. Tukawa tunalifuata na vibao, tunasimika kimoja mbele, baada ya miezi kingine mbele tena. Watu wa ufukweni walipata ardhi ambayo babu zao hawakuiona. Walilima mchicha, wakajenga vibanda, wakasahau. Miamba peke yake ndiyo haikusahau. Ilibaki na mstari mweupe juu kabisa, kuonyesha maji yalikuwa yanakaa wapi.

Katika miaka hiyo Mama Mafuru akafariki, homa ya siku nne. Kule nyuma ya kijiji ni mlima wa mawe matupu, jembe linatoa cheche, kaburi halichimbiki. Bwire akamzika chini, kwenye mchanga ule mpya, mahali alipokuwa akianika dagaa. Msalaba aliuchonga mwenyewe kwa ubao wa mtumbwi. Nilikuwepo msibani. Na jicho langu, ambalo halijui kupumzika, likaenda kwenye mwamba wa jirani, likaona mstari mweupe uko juu ya kaburi, juu hata ya kichwa changu. Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba msibani mtu hapimi.

Baadaye kidogo nilipelekwa semina pwani, ya watu wanaopima maji nchi nzima. Ubishi ulikuwa mmoja kuanzia chai ya asubuhi: bahari inapanda, inapanda kiasi gani, nani wa kulaumiwa. Mimi wa ziwa nilikaa pembeni. Nikakaa jirani na bwana mmoja wa Pangani, msomaji wa maji ya bahari, mcheshi sana. Aliniambia kwao maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, lakini siku hizi yakijaa yanapita alama ya mwaka jana, na minazi ya babu yake imelala kifudifudi ufukweni.

"Ninyi wa ziwa mnasemaje?" aliniuliza. "Kujaa na kupwa?"

"Letu halina kupwa," nilimwambia. "Sisi tunasema limepanda, au limerudi."

"Limerudi kuja au limerudi kwenda?"

Nikacheka, nikamwambia Waswahili wa pwani mna maneno mengi kwa sababu hamna kazi. Akacheka naye. Hakuna aliyenipa onyo lililo wazi kuliko lile, na nilililipa kwa utani.

Kisha zikaja mvua zisizokata. Msimu wa vuli uliungana na wa masika, katikati hapakuwa na jua la kukausha shuka. Ziwa likapanda vibao vyote, likamaliza cha mwisho, likaendelea. Kwa Bwire rula yote ilizama. Ilibaki nguzo inatoa kichwa, ndege wamekaa. Hapo msomaji hana namba tena. Alikuwa anapiga simu kusema maji yamefika kwenye jiwe fulani, kwenye ngazi ya duka la fulani. Nilitakiwa kumpelekea kibao kipya na kukisimika, lakini boti ya ofisi ilikuwa juu ya matofali, injini iko kwa fundi huko Nyakato inasubiri kipuri. Mnaijua hadithi hiyo, haijabadilika.

Kijiji kikaitisha mkutano darasani, maana uwanja wa mwaloni, pale boti zinapotia nanga, ulishakuwa wa samaki. Nilifika kwa boti ya abiria pamoja na bwana mmoja wa mazingira kutoka mjini, mwenye picha kubwa za karatasi. Alianza na mabadiliko ya tabianchi. Bibi mmoja wa mbele akanyoosha mkono.

"Tabia ya nchi? Nchi ina tabia gani mbaya? Wenye tabia mbaya si ni watu?"

Darasa likacheka. Yule bwana akasema, "Bibi, umemaliza mada yangu."

Akaonyesha picha za pwani: minazi iliyong'oka, kisima kilichoingia chumvi, nyumba imebaki na ukuta mmoja. Akaeleza barafu inavyoyeyuka mbali huko na bahari inavyopanda. Mvuvi aliyekaa dirishani akamkata.

"Sawa, mwalimu. Hiyo barafu inapita njia gani mpaka ifike hapa kwetu? Sisi bahari tumeionea wapi?"

Nikasimama kumsaidia. Nilisema ukweli kama niujuavyo: bahari ni jambo jingine na ziwa ni jambo jingine. Ziwa letu linajazwa na mvua, nyingi inaliangukia lenyewe kifuani. Lakini joto ni lilelile. Hewa ikipata joto inabeba maji mengi, halafu inayamwaga kwa mkupuo; ndiyo sababu tunaona ukame wa kuua mbuzi, kisha mvua ya kuzamisha nyumba. Nyumba mbili, moto mmoja.

"Mwaka wa Uhuru," alisema mzee mmoja wa nyuma, bila kusimama, "ziwa lilipanda likafika hapa shuleni. Gari lilikuwa moja wilaya nzima. Nani alilitia joto?"

Ni kweli lilipanda mwaka ule, na nilimwambia ni kweli. Nilisema ziwa siku zote limekwenda na kuja, ila sasa linakwenda mbio na kuja mbio. Hakuridhika. Mwingine akasema kuna watu wamefunga koki huko ziwa linakotolea maji. Mwingine akasema ni dhambi, akataja na majina ya wenye dhambi, wawili kati yao wakiwa mle darasani. Ikawa kelele. Saa nzima tulibishana hivyo, na mimi naungama kwamba nilikuwa nafurahia, kwa sababu kubishana kuhusu chanzo nilikujua vizuri.

Bwire akanyanyuka. Kelele zikapungua, maana hakuwa msemaji.

"Mnabishana nani kalileta," alisema. "Mimi nina mtu wangu pale chini. Nataka kujua litafika wapi."

Baada ya mkutano alinichukua mpaka kaburini. Kutoka msalaba hadi maji tulihesabu hatua kumi na nane. Aliniambia ndugu yake ana shamba upande wa pili wa mlima, lenye udongo, nusu saa kwa miguu, amempa sehemu. Kibali cha kuhamisha kaburi alikuwa nacho mfukoni, kimefungwa kwenye nailoni. Kilichobaki ni watu. Kwao mwanamke hafukuliwi bila kaka zake kuwepo, na kaka zake wako Musoma na Igoma, na hawakumpenda Bwire sana tangu alipomzika dada yao mchangani.

"Nikiwaita bure hawatakuja mara ya pili," alisema. "Wewe ndiye mwenye namba. Nimhamishe, au litaishia hapa?"

"Waite," nilimwambia. "Wakifika nipigie. Nitakupa neno."

Neno. Mzee Ishengoma angenichapa na tai yake.

Wiki mbili zikapita. Wiki ya pili mvua ilipumzika, na wasomaji wa vituo viwili upande wa mjini wakaniambia maji yameshuka, kimoja sentimita tatu, kingine nne. Ofisini tulifurahi kama watoto. Kutwa nzima ilikuwa, "Maji yameanza kurudi, yanarudi, yatarudi." Ijumaa mchana nikiwa na sahani ya wali mezani, simu ikaita. Ni Bwire, na nyuma yake kelele za watu wengi.

"Mama Limi, ziwa limerudi."

"Limerudi? Jamani! Mungu mkubwa."

Akaguna. "Watu wote wamefika. Shemeji zangu wako hapa. Tunasema kesho asubuhi tuchimbe. Wewe unasemaje?"

"Basi mzee, kama limerudi hakuna haraka. Kumfukua mtu si jambo dogo. Ngojeni."

"Tungoje?"

"Ngojeni tu. Mwacheni mama apumzike."

"Haya," alisema, na mtandao ukakata. Nikarudia wali wangu. Nakumbuka niliumaliza.

Siku kumi na moja baadaye, saa tatu asubuhi kamili, akapiga tena. Mvua ilikuwa imerudi mjini, na upepo wa siku mbili.

"Mama Limi. Saa tatu. Maji yako kwa Mama Mafuru."

"Yako kwake vipi? Si yalirudi?"

"Yalirudi, ndiyo. Si nilikwambia yamerudi? Ukasema tungoje."

Sikuelewa papo hapo, ilinichukua muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Yale maji yaliyoshuka kwetu sentimita tatu yalikuwa yameshuka na kwake, akayaona yanaondoka. Kisha upepo na mvua ya Alhamisi kule vikayaleta tena. Ndilo alilonipigia kuniambia. Limerudi, limekuja, liko mlangoni. Yeye alisema kama baba yangu anavyosema habari ya ng'ombe, wamerudi, wako zizini. Mimi mtoto wa zizi nikasikia kinyume, kwa sababu kinyume ndicho nilichokuwa nakitaka. Sikuuliza sentimita ngapi. Sikuuliza hata wapi. Na yeye aliposikia nashukuru Mungu alishangaa, lakini akajiambia mtaalamu ameona kitu ambacho wao hawakioni. Shemeji zake wakapanda boti wakarudi makwao.

Nilikwenda kwa boti ya abiria, na ile darubini ya miguu mitatu ya kupimia usawa imefungwa mgongoni kama mtoto. Kaburi halikuwepo. Palikuwa na maji ya kahawia yanayofika gotini, na msalaba wa ubao wa mtumbwi unaelea, kwa kuwa ubao ule haukuchongwa uzame. Bwire alikuwa ameufunga kwa kamba kwenye jiwe. Mwili hautafutwi kwenye mchanga uliolegea namna ile. Wazee walijaribu siku nzima, wakaacha.

Kaka wa marehemu, Magesa, fundi wa mageti wa Igoma, alikuwa ametangulia kufika. Mtu mrefu sana. Alisimama kwenye maji na suruali yake ya safari, akamsema Bwire mbele ya kijiji kizima.

"Ulituita, tukaja. Ukatuambia tuondoke. Umemwacha dada yetu azame kama mawe ya nanga. Tangu leo usinisalimie."

Bwire akanitazama. Nilikuwa hatua tano kutoka kwao, na darubini yangu begani. Alikuwa na haki ya kuninyooshea kidole, na kila mtu angeelewa. Hakunyoosha. Akateremsha macho kwenye maji. Na mimi, Minza binti wa Usagara, mwenye namba, nikafungua miguu ya darubini nikaanza kupima, kana kwamba kuna mtu aliyeniomba vipimo.

Jioni ile nikamfuata kwenye karakana yake ya mitumbwi.

"Ulisikia vibaya," aliniuliza, "au mimi nilisema vibaya?"

"Nilisikia vibaya, mzee."

"Mm."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Si ulikuwepo?" alisema. "Mdomo unao."

Nilirudi mjini nikaandika taarifa. Mkuu alitaka kujua kwa nini kituo hakikutoa tahadhari. Nikaandika: "Mawasiliano yalikuwa hafifu." Ndiyo hayo maneno matatu. Kila moja ni la kweli, mtandao ulikatika kweli, na taarifa nzima ni uongo. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Vibao viwili vipya vilipopatikana, nilikwenda kuvisimika. Nikamuuliza Bwire tuviweke wapi. Aliingia majini akaenda, akasimama mahali, akakanyaga. Nilijua ni wapi. Nilitaka kumwambia rula husimikwa kwa kufuata mahitaji ya kitaalamu, kisha nikatazama: miamba inakinga mawimbi, chini ni imara baada ya hatua moja pembeni, kutoka nyumbani kwake panaonekana. Kitaalamu hapakuwa na kasoro, na hilo ndilo lililonichoma. Tukaisimika, sifuri yake sawasawa na ardhi ya pale. Ofisini tunajumlisha tofauti ili ilingane na vituo vingine, ninyi mnalifanya hilo kila siku bila kujiuliza ile tofauti ilitoka wapi. Lakini namba anayoisoma Bwire mwenyewe, kabla hamjaijumlisha chochote, ni kina cha maji juu ya mkewe.

Kwa miaka iliyobaki kazini nilipokea namba hiyo kila asubuhi. Safu ya maelezo hakuandika kitu tena. Ziwa lilishuka kidogo, likapanda kupita lilipokuwa, likashuka, likapanda. Nilikwenda semina nyingine, nikasikiliza wengine wakibishana kama bahari itameza mji huu au ule baada ya miaka mingapi. Ni wasomi na wanasema kweli. Ila nilikuwa nasikia kiu ya kumwona mtu mmoja anyanyuke aseme ana mtu wake pale chini.

Nimestaafu na kituo kile mmekifungia mtambo. Bwire hajaacha kusoma. Haipigii tena ofisi, ananipigia mimi. Utani ulirudi mwaka wa pili, ila mimi ndimi ninayeuanza. Anasema, "Saa tatu," anataja namba, anakata.

Karakana ya Magesa iko Igoma, mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu. Miaka yote hiyo nilikuwa nazunguka barabara ya nyuma nisipite mlangoni kwake. Geti la nyumba yangu mwenyewe nilikwenda kulichomelesha Nyakato. Wiki iliyopita, baada ya simu ya Bwire, nilivaa viatu nikaenda. Nilimkuta amevua miwani ya kuchomelea, anakunywa chai.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Unahitaji geti?"

Nikamwambia sihitaji geti. Nikamwambia mimi ni nani, ingawa nilipotaja darubini alinikumbuka. Nikamweleza yote: neno, wali, ngojeni, maneno matatu ya taarifa, na namba anayonipigia Bwire kila asubuhi kutoka kwenye rula ya pale kaburini. Nilimwambia Bwire hakuwafukuza, mimi ndiye niliyewafukuza, na yeye amebeba jina hilo kwa sababu nilimwacha alibebe. Sikulia. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na kutukanwa kungenisaidia.

Magesa alikunywa chai yake mpaka mwisho. Aliosha kikombe, akakifunika juu ya meza.

"Leo maji yamefika ngapi?" aliniuliza.

"Mita moja na sentimita hamsini na tano."

Alinyanyuka, akaenda ukutani ambako vyuma vya mageti vimesimamishwa, akavuta futi yake ya kupimia kutoka sakafuni hadi juu, akaibana kwa kidole gumba penye hamsini na tano. Alipaangalia sana. Halafu akaushusha mkono kidogo, kama upana wa kiganja, akaweka alama kwa chaki.

"Dada alikuwa anafika hapa," alisema.

Tukasimama pale tunautazama mstari wa chaki na nafasi ile iliyo juu yake. Nje mafundi wake walikuwa wanagonga chuma. Mwishowe nilichukua mkoba wangu, nikaaga. Nilikuwa nimeshafika barabarani aliponiita.

"Kesho akikupigia," alisema, "na mimi niambie."